Sheria za Mtawala Aagaye

Kila utawala una asubuhi yake, mchana wake na jioni yake. Asubuhi huahidi, mchana hutenda, na jioni huyakumbuka yale yaliyoahidiwa asubuhi yasitendwe mchana. Hapo ndipo haraka huingia. Miswada iliyolala makabatini hukung'utwa vumbi. Amri zilizostahili kujadiliwa mwaka mzima hupitishwa kwa siku tatu. Na kalamu iliyokuwa nzito miaka yote huwa nyepesi katika mwezi wa mwisho. Jambo hili limetokea katika nchi nyingi, nalo lina swali ndani yake ambalo si la wanasheria peke yao: mtu ambaye kesho hatakuwapo ana haki gani ya kuwaamuru leo wale watakaokuwapo?

Lugha ya Kiswahili haikosi methali kwa pande zote mbili za shauri hili. Asemaye kwamba haraka haraka haina baraka hujibiwa kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wote wawili husema kweli, na kwa hiyo methali peke yake haikati shauri. Yapasa kuitazama haraka yenyewe, imetoka wapi, inakwenda wapi, na ni nani atakayebeba mzigo wake.

Mifano ya mbali yaweza kutangulia. Huko Marekani, Rais John Adams alishindwa katika uchaguzi wa 1800. Tarehe 13 Februari 1801, zikiwa zimesalia wiki chache tu akabidhi madaraka kwa Thomas Jefferson, ilitiwa saini sheria iliyoanzisha nafasi mpya 16 za majaji, na Adams akazijaza kwa watu wa upande wake. Wapinzani wao waliwaita majaji wa usiku wa manane. Mwaka uliofuata sheria ile ilifutwa. Desturi yenyewe haikufutika. Na mwaka 1996 nchi ile ilitunga sheria iliyoliruhusu Bunge jipya kuzitangua kanuni zilizotolewa katika miezi ya mwisho ya serikali iliyotoka. Haitungwi sheria ya kuzuia jambo lisilotendeka.

Karibu zaidi ni Kongo. Nchi ile ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Katika mwezi ule ule wa Juni, Ubelgiji ilipitisha sheria iliyoziruhusu kampuni zilizofanya kazi Kongo kuchagua kuwa kampuni za Ubelgiji. Na siku chache tu kabla ya bendera kubadilishwa ilivunja shirika la Comité Spécial du Katanga, ambalo kwa njia yake serikali mpya ingerithi sauti kubwa katika kampuni ya madini ya Union Minière. Hakuna aliyevunja mlango wala kupora ghala. Kila kitu kilitendwa kwa karatasi, kwa saini na kwa muhuri. Walakini mrithi alipofungua sanduku aliloachiwa, alikuta wosia umeandikwa upya usiku wa kuamkia mazishi.

Tanzania nayo ina mfano wake. Julai 2015, serikali ya awamu ya nne ikiwa imebakiwa na miezi michache, Bunge la Dodoma lilipelekewa kwa hati ya dharura miswada 3 kuhusu mafuta na gesi. Wabunge wa upinzani walilalamika kwamba mambo mazito kama yale hayasomwi kwa siku chache; baadhi yao walifukuzwa ukumbini, na miswada ikapita. Waliyoitetea walikuwa na hoja isiyodharaulika: gesi nyingi ilikuwa imegunduliwa katika bahari ya kusini tangu 2010, na nchi isiyo na sheria ya mali yake ni kama shamba lisilo na mpaka. Miaka 2 baadaye, Julai 2017, serikali iliyofuata ilipeleka miswada mingine 3 kuhusu madini, mafuta na maliasili, ambayo nayo ilipitishwa kwa hati ya dharura na kubadili baadhi ya yale yaliyowekwa 2015. Kilichofungwa kwa haraka kilifunguliwa kwa haraka. Msomaji apime mwenyewe: serikali ya pili haikuwa jioni mwake, ilikuwa asubuhi, na bado ilikimbia. Basi ugonjwa huu hauwashiki waagao peke yao, ila kwao hao una uchungu zaidi, kwa kuwa aliyetia saini hapatikani tena kuulizwa.

Lakini mfano wenye mafunzo mengi kuliko yote hauko bungeni. Uko katika milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, nao ni wa miaka ya 1950.

Milima ile ni kisima cha watu wengi wasioiona. Humo hutoka Ngerengere, Mgeta na vijito vingine viuongezavyo mto Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Serikali ya Kiingereza iliona kwamba miteremko inalimwa mno, kwamba moto unachoma nyasi, na kwamba mvua inateremsha udongo mpaka mitoni. Jambo hilo lilikuwa kweli, na hakuna haja ya kulikana. Ndipo ukaletwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Wakulima waliamriwa kuchonga milima kwa matuta ya ngazi, na asiyechimba alishitakiwa na kutozwa faini. Amri zilipita katika mikono ya watawala wa kienyeji, Sultani Sabu bin Sabu na waliokuwa chini yake, ili zionekane kuwa ni zao.

Matuta yalikuwa kazi kubwa kupita kiasi kwa jembe la mkono. Tena katika sehemu nyingi udongo wa Uluguru wenye rutuba ni tabaka jembamba. Aliyechonga ngazi aliufukia udongo mwema chini na kuuleta juu udongo mkavu usioota kitu. Mkulima alitoa jasho mara mbili: mara ya kwanza kuchimba, mara ya pili kuvuna haba. Juu ya hayo palikuwa na hofu. Ardhi ya Waluguru ilikuwa ya ukoo, nayo ilipita kwa upande wa mama. Mtu aliona shamba lake likipimwa na kuchongwa kwa amri ya mgeni, akajiuliza kama apimaye leo hatadai kesho. Julai 1955 ghadhabu ilifurika huko Matombo. Watu walikusanyika, polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo matuta ya lazima yaliachwa. Mtu mmoja alikufa kwa sababu ya sheria ambayo wenyewe walioitunga waliitupa mwaka ule ule.

Atakayesikia habari hizi aweza kupinga kwamba hazina uhusiano na mtawala aagaye. Mwaka 1955, atasema, Waingereza hawakujua kwamba wataondoka 1961. Pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake ndilo kiini cha shauri lote.

Kwanza, Tanganyika haikuwa mali ya Uingereza. Tangu 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na mdhamini ni mtu ambaye kazi yake yote ni kujitayarisha kuondoka. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru nchi mwaka 1954 ulipendekeza kwamba uhuru waweza kufikiwa katika miaka 20 au 25, na serikali ya Kiingereza ikaukataa muda huo. Machi 1955 Julius Nyerere alisema mbele ya Baraza la Udhamini huko New York. Miezi 4 baadaye risasi zikalia Matombo. Siku ya kuondoka haikujulikana, lakini kuondoka kwenyewe kulikuwa kumeandikwa. Aliyekataa kuisoma tarehe hakuifuta.

Pili, na jambo hili ni zito zaidi, serikali ile ilikuwa ikiaga kila siku kwa jinsi ilivyoundwa. Bwana shamba na mkuu wa wilaya aghalabu hawakukaa mahali pamoja miaka mingi. Kila mmoja alikuja na muda wake, akaenda likizo kwao, kisha akapelekwa wilaya nyingine. Mtu wa namna hiyo ana jioni fupi ya kwake mwenyewe hata kama serikali yake ingali mchana. Hutaka matuta yahesabike kabla hajahamishwa, kwa sababu matuta huonekana na imani ya watu haionekani. Na taarifa ya mwisho wa mwaka haina safu ya kuandikia imani. Mti wahitaji miaka kumi; elimu ya mkulima yahitaji kizazi; lakini ngazi za udongo zaweza kupigwa picha baada ya mwezi. Hii ndiyo haraka ya aagaye: huchagua lile litakaloonekana upesi, na huliacha lile litakalodumu.

Dhidi ya desturi hii Waluguru walikuwa na desturi yao, nayo yastahili kufikiriwa na wanafunzi wa falsafa. Kiongozi wa Kinole huitwa Kingalu. Akifa Kingalu, arithiye hakirithi kiti tu, hulirithi na jina; naye huitwa Kingalu. Katika koo nyingine za milimani pia mrithi hulivaa jina la aliyemtangulia. Kwa macho ya haraka hii ni ada ya heshima tu. Kwa macho yatazamayo ni mafundisho juu ya utawala. Ambapo jina halifi, hakuna mtawala awezaye kusema, "Hayo aliyatenda mwingine." Deni la Kingalu wa kale ni deni la Kingalu wa leo, na aibu yake ni aibu yake. Mwenye kushika ardhi ya ukoo huishika kwa niaba ya waliolala na ya wasiozaliwa. Haruhusiwi kuitapanya kana kwamba imeanza naye na itakwisha naye. Ardhi iliyoshikwa na jina lisilokufa ilipewa amri na maofisa ambao majina yao yalibadilika kabla miche haijakua. Ugomvi wa Uluguru ulikuwa ugomvi wa udongo, lakini ulikuwa pia ugomvi wa namna mbili za kuhesabu wakati.

Watu wa pwani nao wana hekima ihusuyo jambo hili. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo Waswahili wameifuata kwa karne nyingi, mtu hana ruhusa ya kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake. Theluthi mbili ni za warithi, wala wosia hauwezi kuwanyima. Tena, mtu aliye katika maradhi ya mauti akitoa zawadi, zawadi ile huhesabiwa kama wosia na kuwekewa mpaka ule ule. Kwa nini? Mgonjwa ana akili zake, ulimi wake na mali yake. Ila sheria imetambua kwamba mkono wa aondokaye ni mwepesi kwa kuwa hautahisi upungufu. Atoaye akiwa mzima hutoa chake. Atoaye akiwa ukingoni hutoa cha warithi. Hakunyang'anywa mamlaka yote, kwa maana theluthi ni yake mpaka pumzi ya mwisho. Lakini amewekewa kipimo. Ingekuwa vema kama serikali zingejifunza kwa mgonjwa.

Mtetezi wa serikali iliyo jioni atasema kwamba watu walimchagua mtawala kwa miaka mitano kamili, wala hawakumchagua kwa miaka minne na nusu. Mshahara wake haukatwi mwezi wa mwisho, basi kwa nini kazi yake ikatwe? Je, mafuriko yakija wiki ya mwisho, akae ameikunja mikono akimngoja mrithi? Hoja hii ni ya kweli katika mwanzo wake na ya uongo katika mwisho wake. Ni kweli kwamba mamlaka hayafi kabla ya siku yake. Si kweli kwamba kila lililo halali kwa mamlaka ni jema kwa uadilifu. Mpangaji aliyelipa kodi mpaka mwisho wa mwezi ana haki ya kulala, kupika na kuwasha taa mpaka siku ile. Na paa likivuja usiku, ana wajibu wa kuziba. Lakini akibomoa ukuta wa sebule siku mbili kabla ya kuhama, risiti ya kodi haitamtetea.

Kwa hiyo yafaa itafutwe mizani. Mizani ya kwanza ni sababu ya haraka. Je, jambo lenyewe ndilo lenye haraka, au ni kalenda ya mtawala? Tauni haingoji uchaguzi, wala njaa haingoji. Lakini mmomonyoko wa Uluguru ulikuwa wa miaka mingi nyuma na ungekuwa wa miaka mingi mbele. Haukuwa na haraka iliyoshinda mazungumzo. Mizani ya pili ni uwezekano wa kurudi. Amri iwezayo kufutwa asubuhi ya pili bila hasara ni nyepesi. Lakini udongo wa chini ukishaletwa juu haurudi kwa tangazo, na mkataba wa miaka mingi haufutwi bila kulipiwa. Kadiri jambo lisivyorudishika, ndivyo jioni isivyofaa kuliamulia. Mizani ya tatu ni sauti ya wabakiao. Je, watakaoishi chini ya sheria walikaa katika kuitunga, au waliletewa tu kuitii?

Mizani hii ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na Uluguru yenyewe inatoa ushahidi wake. Huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima, watu walikuwa na desturi ya zamani ya kulima kwa ngazi, na tena walikuwa na faida ya mboga na maji ya kumwagilia. Kule matuta hayakuwa kitu cha kuchukiwa, na ngazi zimeendelea kulimwa miaka mingi baada ya aliyeziamuru Matombo kwenda zake. Udongo ni wa milima ile ile, na watu ni wa kabila lile lile. Tofauti ni kwamba mahali pamoja ngazi ilikuwa shauri la mkulima na tumbo lake, na mahali pengine ilikuwa shauri la ofisi. Wahenga husema mpanda ngazi hushuka. Serikali iliyopanda milima kwa ngazi za lazima ilishuka kwa ngazi zile zile, na ilipokuwa ikishuka, chama cha TANU kilikuwa kikipanda. Miongoni mwa waliokiasisi tarehe 7 Julai 1954 alikuwamo Patrick Kunambi, kiongozi wa Waluguru.

Isidhaniwe kwamba kila aachacho mtawala aagaye ni kibaya. Mwaka 1953, miaka 2 kabla ya msiba wa Matombo, serikali ile ile ya Kiingereza ilifungua shule ya serikali za mitaa huko Mzumbe, karibu na miguu ya milima ile ile, iwafundishe makarani, madiwani na watawala wa kienyeji. Shule ile ilikua, ikawa chuo cha usimamizi wa maendeleo, na tangu 2001 ni chuo kikuu. Mkono mmoja wa serikali ulikuwa ukiwafundisha Waafrika kutawala, na mkono wake wa pili ulikuwa ukiwaamuru kana kwamba hawatatawala kamwe. Mkono wa kwanza umeacha chuo. Wa pili umeacha kaburi na chuki ya neno "matuta" iliyowasumbua wataalamu wa kilimo waliofuata, hata walipokuja na shauri jema. Hapa pana kanuni. Wosia mwema humwongezea mrithi uwezo wa kuchagua. Wosia mbaya humchagulia. Aagaye aweza kujenga shule, kulipa madeni, kupanga majalada, kuandika ukweli juu ya hali ya hazina. Mambo hayo yote yanampa mrithi nguvu. Asimfunge mikono kisha akamkabidhi usukani.

Gharama ya haraka ya jioni haiishii kwenye jambo lililoharakishwa. Kila sheria ipitishwayo kwa kuvizia hupunguza heshima ya sheria zote. Mkulima wa Matombo hakuchukia matuta peke yake. Alijifunza kwamba sheria ni kitu kishukacho kutoka juu kama mvua ya mawe, na mtu hujificha mpaka ipite. Fundisho hilo halikuondoka na gavana. Serikali huru zilizofuata zililikuta, na mara nyingine zililitia nguvu kwa haraka zao wenyewe. Ni rahisi kuwalaumu Waingereza, kwa kuwa wamekwenda; lakini hati ya dharura ya Dodoma haikuandikwa London.

Fikira hizi zinawahusu hasa vijana walio vyuoni. Wengi wao watakuwa maofisa, wakuu wa idara, wenyeviti wa vijiji na wabunge. Wachache sana watakuwa marais. Lakini kila cheo kina jioni yake. Mwalimu mkuu anayehamishwa, mkurugenzi anayestaafu, mwenyekiti ambaye mkutano wa uchaguzi wake ni wiki ijayo, wote watashikwa na tamaa ile ile ya kutia saini kabla ya kufunga mlango. Siku hiyo ajiulize maswali machache tu. Kama ningekuwa nabaki miaka kumi, ningeliamua hili leo? Anayekuja akitaka kulirudisha, ataweza? Na wale watakaoishi nalo, nimewasikia, au nimewatangazia? Akijibu kwa kweli, atie saini hata saa ya mwisho, maana saa ya mwisho nayo ni ya kazi. Asipoweza kujibu, aiweke karatasi mezani pamoja na maelezo yake yote, amwachie ajaye. Hatatajwa katika hotuba za kuaga kwa jambo asilolifanya, wala hapatakuwa na jiwe la msingi lenye jina lake. Huko Kinole jina la Kingalu limedumu bila jiwe la msingi, kwa sababu kila aliyelivaa alijua kwamba atakayefuata ataulizwa kwa jina hilo hilo.